Anza Kuchora Mshono wa Mwisho

Mwaka 1886, katika maonyesho ya pamba mjini Athens, jimbo la Georgia huko Marekani, ilitundikwa kazi ya sindano ya mwanamke aliyezaliwa utumwani, Harriet Powers. Ulikuwa mfarishi, lile blanketi la tabaka tatu: juu viraka, katikati pamba, chini bitana. Juu yake palikuwa na picha 11 za nguo. Adamu na Hawa walikuwa bustanini, Kaini akimuua Abeli, Yakobo akiota ngazi ya malaika, Yesu akibatizwa, Yuda na vipande vyake 30 vya fedha. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona akataka kuununua. Powers akakataa. Miaka michache baadaye maisha yalipombana, akaupeleka mwenyewe kwa Smith akitaka dola 10, akapewa 5. Leo mfarishi huo umehifadhiwa Washington, katika makumbusho ya historia ya taifa yaliyo chini ya taasisi ya Smithsonian. Mwingine aliouunda kati ya 1895 na 1898 uko katika Museum of Fine Arts ya Boston.

Wanaosimulia habari hii wengi huishia kwenye zile dola 5, na kweli zinauma. Lakini mtu wa sindano hubaki na swali lake: mama huyu alipangaje? Mada aliitoa kichwani na kwenye mahubiri, michoro akaibuni mwenyewe. Ilibidi mtu aamue kitambaa hiki kinaishia wapi na kile kinaanzia wapi, kipi kishonwe kwanza na kipi kingoje. Kazi hiyo ya kuamua ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu ndiyo inayowakatisha tamaa watu wengi wenye mawazo mazuri. Mtu ana mada nzuri, labda nyumba ya bibi yake, au shamba alikokulia, au safari ya wazazi wake kutoka bara kuja pwani. Anachora, anapenda alichochora, anakata vitambaa. Halafu anakaa mbele ya cherehani na vipande 80 asivyojua vikutane vipi. Kona moja inaingia ndani ya nyingine, mshono unafika katikati ya nguo na hauna pa kwenda, na mwishowe vitambaa vinarudi kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati.

Hakukosa ubunifu. Alichora picha, na picha haijui chochote kuhusu mishono.

Ukiutazama mfarishi wa Boston, unaona jinsi Powers alivyolimaliza jambo hilo. Kuna picha 15, safu tatu za picha tano tano. Kila picha ina kitambaa chake cha nyuma, na watu, wanyama, jua na nyota vimekatwa kando, vikapachikwa juu na kushonewa kwa pembeni. Kazi ya kuunganisha inabaki kuwa ya mistatili tu, ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza ataiweza, na uhuru wote wa umbo unahamia kwenye vile vya kupachika. Katika mfarishi wa Washington picha hazilingani upana. Aliachia kila kisa nafasi kinayoihitaji, mradi safu zifike ukingoni pamoja. Huo ni uamuzi wa mtu aliyekwisha kuona mshono wa mwisho kabla hajatia uzi kwenye sindano.

Kuna jingine alilolifanya ambalo kila anayebuni mfarishi wa mada anapaswa kulitazama kwa makini. Katika ule wa Boston hakubaki kwenye Biblia peke yake. Alitia siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, mvua ya vimondo ya Novemba 1833, iliyonyesha miaka minne kabla ya yeye kuzaliwa, na baridi kali ya Februari 1895 aliyoiishi mwenyewe. Alitia hata nguruwe jike aitwaye Betts, aliyesemekana kukimbia kutoka Georgia hadi Virginia. Kwa kusikia tu, mambo hayo hayakai pamoja. Kwenye kitambaa yanakaa, kwa kuwa jua, mwezi na nyota vinarudi picha baada ya picha, kwa ukubwa na umbo linalofanana, na jicho linavifuata kutoka ukingo hadi ukingo. Mada haikushikwa na jina la kisa. Imeshikwa na kitu kinachorudi.

Mimi nimechagua mada ya huku kwetu pwani: pepo za misimu. Kaskazi inayoanza kati ya Novemba na Desemba ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na magharibi ya India, yakiwa na tende, samaki wa chumvi na mazulia. Kusi ya katikati ya mwaka ndiyo iliyoyarudisha, yamesheheni boriti za mikoko. Kati ya pepo mbili mabaharia walingoja bandarini, wakakalisha vyombo mchangani na kuvipaka deheni chini na sifa ubavuni. Kwa mfarishi hii ni mada yenye baraka, maana imekwisha kujigawa yenyewe mara tatu: kuja, kungoja, kurudi. Safu ya juu kaskazi, ya kati nchi kavu, ya chini kusi.

Kabla ya kuchora jahazi hata moja nilipima kitanda. Vitanda vingi vya huku ni futi tano kwa sita, yaani sentimita 152 kwa 183. Mfarishi unateremka kushoto, kulia na miguuni, lakini kichwani hauteremki, kwa hiyo upana unaongezwa mara mbili na urefu mara moja tu. Ukiteremsha karibu sentimita 29 kila ubavu na 27 miguuni, unapata 210 kwa 210, mraba kamili. Watu hushangaa kwamba kitanda kisicho mraba kinataka mfarishi wa mraba, lakini hesabu ndiyo hiyo. Na mraba unagawanyika vizuri: picha tisa za sentimita 52, tatu kwa kila safu, kanda nne za sentimita 6 za kuzitenganisha na kuzizunguka, jumla 180, kisha pindo la sentimita 15 kila upande, jumla 210.

Ugawaji huo unakwambia pia kitu gani kitaonekana. Pindo na ukanda wa kwanza, sentimita 21, vyote vitaning'inia ubavuni, na nyuma yao sentimita 8 za picha za pembeni. Basi chombo chenyewe lazima kikae katikati ya picha, mbali na ukingo. Ncha ya tanga ikimwagika kidogo kando ya godoro si neno.

Sasa jahazi. Hapa ndipo njia ninayoiamini inapofanya kazi, nayo ni kuutafuta mshono wa mwisho kwanza. Utazame mchoro wako ujiulize: kuna mstari mmoja ulionyooka unaoweza kuukata wote, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kuvunja kitu katikati? Ukiupata, huo ndio mshono utakaoshonwa mwisho. Umebaki na nusu mbili. Rudia swali kwa kila nusu, kisha kwa vipande vyake, mpaka ufike kwenye kipande kimoja cha kitambaa kimoja. Ukiisha, shona kwa kurudi nyuma: cha mwisho kupatikana ndicho cha kwanza kushonwa. Mahali ambapo mstari kama huo haupatikani, mchoro umekuonyesha penye shida ungali na kifutio mkononi, kabla ya mkasi. Ama unausogeza mstari, ama umbo hilo unalihamishia kwenye vya kupachika, kama alivyofanya Powers.

Katika picha yangu mstari wa kwanza ni usawa wa sitaha. Nimeufanya ndio upeo wa bahari, ukivuka picha yote kwa ulalo. Juu yake inabaki nafasi ya sentimita 52 kwa 32 ya mbingu na tanga. Chini yake 52 kwa 20 ya chombo na maji. Sehemu ya juu inakatwa na foromali, ule mti mrefu unaolishika tanga, unaopanda kutoka kona ya chini upande wa omo hadi kona ya juu upande wa tezi. Juu ya foromali ni mbingu tupu. Chini yake mstari mmoja tu unashuka kutoka ncha ya juu na kulitenga tanga na kipande chembamba cha mbingu ya nyuma. Imekwisha. Vipande vitatu na ukanda wa foromali, mishono yote imenyooka, hakuna kona inayoingia ndani ya kona.

Mpangilio wa kushona unageuka: tanga na mbingu ya nyuma kwanza, halafu foromali, halafu mbingu ya mbele, halafu sehemu ya juu na ya chini zinakutana sitahani.

Foromali imenifundisha jambo ambalo wajenzi wa majahazi walilijua zamani. Ubavu mrefu wa tanga umekatwa mshazari, haufuati mtande wala mshindio, na nguo iliyokatwa mshazari huvutika ukiishika tu. Ukiiunganisha na nyingine iliyokatwa mshazari vilevile, mshono utatoka na mawimbi ambayo pasi haitayaondoa. Ukanda wa foromali, ukikatwa kwa kufuata uzi wa nguo, unaushika ubavu ule usivutike. Baharini mti unalibeba tanga. Kwenye nguo ukanda unafanya kazi ileile. Ninapopata mahali ambapo mada na ujenzi vinasema kitu kimoja namna hii, huwa najua mchoro umekaa.

Hata hivyo usiwe na haraka na vipande vya mshazari. Vipige wanga kabla ya kuvikata. Uji mwepesi wa muhogo unatosha, halafu pasi. Nguo itasimama kama karatasi na mkasi utapita ulikotaka. Kata pembetatu kubwa kuliko inavyotakiwa kwa sentimita 2 kila upande, shona, piga pasi, ndipo upunguze sehemu yote ya juu mpaka vipimo vyake halisi. Kukata sawasawa kabla ya kushona mshazari ni kujitafutia maudhi.

Chombo chenyewe ndicho pekee chenye mkunjo, kwa hiyo nimekipachika. Ubavu wake wa juu, yaani sitaha, umenyooka, nao unaingia ndani ya mshono wa upeo wa bahari pamoja na maji. Kilichobaki ni tumbo la chini kutoka omo hadi tezi. Kata umbo hilo kwenye karatasi ngumu, liweke mgongoni mwa kitambaa, acha milimita 6 pembeni. Penye mkunjo unaoingia ndani, chanja hiyo milimita 6 kwa ncha ya mkasi, ukiishia uzi mmoja au mbili kabla ya mstari. Laza kitambaa juu ya maji, kishike kwa bandi katikati, kisha anza upande wa tezi: kwa ncha ya sindano ingiza ukingo ndani kiasi cha nusu ukucha, ubane kwa kidole gumba, na ushone kwa vishono vidogo vinavyotoka chini na kunasa nyuzi mbili tatu za ukingo tu. Songa nusu ukucha nyingine. Ukifika kwenye ncha ya omo, shona mpaka kileleni kabisa, piga kishono cha ziada palepale, punguza nguo iliyojikunja chini, ndipo uugeuze upande wa pili. Ncha ikitoka butu, mara nyingi ni kwa sababu nguo ya ndani imeachwa nyingi.

Safu ya kusi ina majahazi yaleyale yakielekea upande mwingine, na hapa mchoro huwa na mtego. Ukisahau kupindua karatasi ya kukatia kwenye kitambaa kilicho sawa pande zote mbili, kama vile kitenge cha wax, hupati shida. Kanga ina uso na mgongo. Pembetatu iliyokatwa kwa karatasi isiyopinduliwa haigeuki kuwa ya kusi hata ukiizungusha vipi. Inabaki ya kaskazi. Andika kwenye kila karatasi ya kukatia, kwa kalamu nene, "kaskazi" au "kusi", na uziweke katika bahasha mbili tofauti.

Halafu likaja jambo la upepo wenyewe. Nilitaka mishono inayoshika tabaka tatu pamoja iuonyeshe upepo: mistari mirefu ya bandi inayopita juu ya bahari na mbingu. Wazo la haraka ni kuilaza upande huu katika safu ya kaskazi, na kuigeuza upande wa pili katika safu ya kusi. Chukua ramani uone. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Kusi, ikielekea Uarabuni, inavuma kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Mstari ni mmoja! Kinachogeuka ni chombo. Kwa hiyo mistari yangu yote, juu na chini, inalala vilevile, kutoka kona ya juu kulia kwenda kona ya chini kushoto. Safu ya kaskazi kwa uzi mweupe, safu ya kusi kwa uzi wa samawati iliyoiva. Safu ya kati, ya kungoja, mistari inalala chali kama maji ya bandarini. Kila nikiutazama mchoro huo nafurahi, kwa sababu ni jiografia iliyoupanga, na safu ya juu na ya chini zinashikwa pamoja na mlalo mmoja. Hicho ndicho kitu kinachorudi katika mfarishi wangu, kama nyota za Powers katika wake.

Kuhusu vitambaa, bahari nimeiacha kwa vipande vya kanga na vitenge vya buluu na kijani, vilivyokolea chini, vilivyofifia kuelekea upeo. Matanga yote ni ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Nimekichagua kwa rangi yake, na pia kwa historia. Katika karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilikileta Unguja kwa wingi, kikavaliwa na kufanyiwa biashara hadi ndani kabisa ya bara. Pamba iliyolisha viwanda vya Massachusetts ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, Georgia ikiwamo, alikozaliwa Powers mwaka 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliivuruga biashara hiyo. Siwezi kukata tanga la marekani bila kulikumbuka hilo, na sioni kwa nini nisilikumbuke.

Fua kila kitu kabla ya kukata, hasa kanga mpya nyekundu na nyeusi, maana huchuja na husinyaa. Epuka vitenge vya nailoni. Havikubali mkunjo wa pasi, na pembetatu zake huteleza chini ya mguu wa cherehani.

Milimita 6 niliyoitaja ndiyo nafasi ya kushonea katika kila mshono, na ndiyo inayoua mifarishi mingi. Chukulia safu yenye vipande 20. Ina viungo 19. Ukishona milimita 7 badala ya 6, kila kiungo kinameza milimita 2, moja kila upande, na mwisho wa safu umepoteza sentimita 3.8. Safu ya jirani iliyoshonwa kwa milimita 6 kamili haitakutana nayo, na hakuna kuvuta kutakakosaidia. Bandika kipande cha utepe wa plasta kwenye bati la cherehani, milimita 6 kutoka sindanoni, uupitishe ukingo wa nguo hapo. Mshona nguo aliyezoea kuacha sentimita moja na nusu anahitaji muda kuuzoeza mkono.

Tatizo kubwa la mwisho ni cherehani yenyewe. Nafasi iliyopo kati ya sindano na mwili wa cherehani ya kawaida, iwe Butterfly au Singer ya kukanyaga, ni kama shibiri moja hivi. Mfarishi wa mita mbili na kitu, wenye pamba ndani, ukiuviringa haupiti hapo bila kupigana. Ndiyo maana nimepanga kuushona kwa sehemu tatu. Sehemu ya juu inachukua pindo, ukanda na safu ya kaskazi, kimo chake sentimita 73. Ya kati ni 52. Ya chini 73. Kila moja inawekewa pamba na bitana yake, inapigwa bandi, inashonwa mistari yake ya upepo. Kisha zinaunganishwa kwa kanda mbili za sentimita 6 ambazo mchoro ulikwisha kuziweka: 73 na 6 na 52 na 6 na 73, jumla 210. Ukanda wa juu na ukanda wa bitana vinashonwa pamoja kwa cherehani kwenye sehemu ya kwanza, kipande cha pamba kinalazwa ndani, na upande wa pili unafungwa kwa mkono. Faida nyingine ni kwamba mistari ya upepo ya sehemu mbili haihitaji kugusana kwa unywele. Inafika kwenye ukanda na kupumzika.

Pamba ya ndani iangalie hali ya hewa. Kwa joto la Tanga au Mombasa, shuka kuukuu la pamba lililokunjwa mara mbili linatosha na linafulika. Kwa Njombe au Limuru tia blanketi jepesi. Mistari ya kushikia isiachane zaidi ya upana wa kiganja, la sivyo pamba itahama na kujikusanya kwenye pembe.

Bitana ni ya kanga. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo kila sehemu inataka kanga moja nzima na kipande cha kurefushia. Kwa sehemu tatu ni kanga tano, yaani ununue doti tatu na moja ibaki. Kata kwa namna itakayoliacha jina la kanga lisomeke. Na kwenye kona ya bitana, kabla ya kuiunganisha, andika kwa uzi nani ameshona, mwaka gani, na kila picha inasema nini. Mfarishi wa Powers tunausoma leo kwa sababu alimweleza Jennie Smith kisa cha kila picha na Smith akaandika. Mifarishi mingi ya namna hiyohiyo imebaki bubu.

Kuna wasio na cherehani kabisa, wala meza ya kukatia, nao wasidhani mlango umefungwa. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko, wengi wakitokea mwambao huu wa Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa njia iliyo kinyume cha yote niliyoyasema. Hawaunganishi uso kwanza. Wanatandika bitana, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia pembeni, wanalaza kiraka, wanakunja ukingo wake na kukishona palepale kwa bandi inayopita tabaka zote, kisha cha pili kikigusa cha kwanza, wakizunguka ukingo mpaka wakutane katikati. Pembeni hutia vipande vidogo vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani maua. Kwa kuwa kazi inaanzia kwenye kingo zilizokamilika, vipimo haviwezi kukosana, na bandi ileile inayounganisha viraka ndiyo inayoshika tabaka. Mada katika kawandi inaingia kwa rangi, kwa vitambaa vyenyewe vya watu wa nyumbani, na kwa vile vya kupachika juu. Kwa mtu anayetaka mfarishi wa nguo za marehemu mama yake, mimi ningemshauri njia hii kabla ya kanda zangu na milimita zangu.

Mada nyingine zinataka mishono mingine. Mlima Kilimanjaro unajigawa kwa ulalo: mashamba ya migomba na kahawa, msitu, nyika, mawe, theluji, kanda ndefu tu, na kilele cha kupachika. Mlango wa nakshi wa Lamu unaanzia katikati na kuongezewa fremu baada ya fremu, kila fremu mishono minne. Mti ndio mgumu kuliko vyote, kwa sababu matawi hayana mstari unaofika ukingoni. Usiuunganishe. Upachike.

Linalobaki ni kufunga kingo. Mzunguko wa 210 mara nne ni 840. Ongeza 30 za kukutanishia. Kanda za sentimita 6 zilizokatwa kwa upana wa kitenge, sentimita 115 hivi, zikate tisa usije ukapungukiwa, kwa hiyo kama nusu mita na kidogo ya kitenge inatosha. Ziunganishe kwa mshazari ili unene usikae mahali pamoja, zikunje mara mbili kwa pasi, na uzishone upande wa uso kwa cherehani. Kwenye kona simama milimita 6 kabla ya mwisho, toa nguo chini ya sindano, pindua ukanda kwenda juu mpaka ufanye mshazari, urudishe chini ukilingana na ukingo mpya, uanze tena kuanzia juu kabisa. Upande wa bitana umalizie kwa mkono, kwa vishono vilevile vilivyolishika tumbo la jahazi.